Tanbihi Niliyosomewa Hanga

Kaka Beni, shikamoo.

Songea ni baridi na mvua, ila mihogo ni mitamu mno! Jana nilikwenda monasteri ya Hanga na kile kijitabu changu kinachotetea tafsiri ya maandiko yetu sisi Wamormoni, yale ambayo nabii wetu alisema ameyatafsiri kutoka karatasi za mafunjo za Misri. Ulisema hakina usomi, nikakununia. Nikamwonyesha bruda mzee wa maktaba tanbihi inayodai kwamba mtaalamu mmoja Mjerumani aliikubali tafsiri hiyo. Akapanda ngazi, akashusha kitabu chenyewe cha Mjerumani huyo! Akanisomea ukurasa mzima kwa Kiswahili, polepole. Mtaalamu aliikataa, kijitabu kilikata sentensi yake katikati.

“Utanicheka, Bruda?”

“Nikucheke kwa nini, mwanangu? Umekuja kuhakikisha mwenyewe.”

Kaka, hebu fikiria! Kitabu kile kimekaa huku Ruvuma miaka yote, na mtu wa kukisoma yupo! Imani yangu bado ninayo, lakini kijitabu hicho simpi mtu tena. Ulisema kweli, nisamehe. Msalimie sana mama, Mungu awatunze nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Neema