Maziwa ya Maua Aliyoyataka Mama

Nyumba ileile, mlango wa kijani,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa shemeji yangu, kitindamimba wa nyumba hii,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuacha. Je, bado wanakupa zamu mbili hapo hospitalini? Unapata muda wa kula? Nauliza kwa sababu siku hizi swali hilo ndilo ninaloamka nalo. Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo nauacha, maana wako unaujua wangu.

Leo ni wiki ya tisa tangu tumzike dada yako, mke wangu. Nimerudi kwenye cherehani, kwani sare za shule hazijui msiba. Juzi nilishona suruali nzima mguu mmoja ukiwa ndani nje. Mwenyewe alipoiona akasema tu, "Pole, fundi," akaikunja, akaondoka nayo. Ilibidi nimkimbize barabarani ili nimnyang'anye.

Lakini nisikuzungushe. Ninakuandikia kwa ajili ya Mama. Tangu msiba hataki chakula. Asubuhi vijiko viwili vya uji, jioni chai nusu kikombe, basi. Lile gauni lake la zambarau nimelipunguza mara mbili, na futi yangu haidanganyi. Daktari wa zahanati alikuja akampima kila mahali, kisha akanivuta pembeni. Akasema haoni ugonjwa. Akasema tumpe chochote anachokubali, kwa sababu akienda hivi mwezi mmoja au miwili, hatakuwa na nguvu ya kurudi.

Basi nikakaa kwenye kigoda karibu na kitanda chake nikamwambia, "Mama, roho yako inataka nini? Sema lolote, nitalitafuta." Alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akasema, "Yale maziwa ya maua."

Unayajua. Ni ile milkisheki ambayo dada yako alikuwa akiitengeneza kila Ijumaa kwa majani ya chai uliyokuwa ukimtumia, yaliyochanganywa na waridi na asumini, kwenye kopo la bluu. Glasi yangu ililetwa papo hapo kwenye cherehani. Miaka sita niliinywa, shemeji, wala sikuinua kichwa hata siku moja niangalie inavyotengenezwa. Nilisema "asante" huku macho yangu yakiwa kwenye pindo.

Jaribio la kwanza nilifanya kama nilivyolelewa. Kwetu chai huchemshwa mpaka iwe nyeusi kama kiatu cha askari. Nilitia majani kwenye maziwa, nikachemsha, nikaacha yatokote, nikachuja, kisha nikayamimina yakiwa ya moto juu ya aiskrimu. Ikawa supu ya kahawia, chungu. Mama alionja ncha ya kijiko, akanitazama. "Mkwe wangu," akasema, "umeniletea dawa ya minyoo?" Nilifurahi kwa utani ule, maana ulikuwa wa kwanza tangu msiba. Lakini hakunywa.

Nikaona majani kwenye kopo yamebaki kidogo, nisiyachezee. Nikanunua sokoni yale maua mekundu makavu, machachu, ya kutengenezea juisi. Nikajiambia ua ni ua. Maziwa yaligusana nayo yakakatika palepale, mabonge ya rangi ya waridi yakaelea. Jirani yetu muuza aiskrimu, yule tunayemwita Bi Theluji, alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, hiki ni kinywaji au rangi ya kucha? Maua machachu na maziwa, si ni sawa na ndimu na maziwa? Nyie wanaume mnaishije bila kujua jiko?" Alicheka peke yake, kisha akajifuta macho kwa aproni. Nilipotaka kumlipa aiskrimu alikataa.

Siku moja nilikuwa nakata shashi, kile kitambaa chembamba cha shela, na nilipookota vipande vya chini nikakumbuka. Kila Ijumaa asubuhi dada yako alikuwa akija mezani kwangu na kusema, "Nipe kipande, chembamba kabisa, na uzi mweupe." Nilidhani ni cha kuchujia. Kumbe alikuwa akifunga majani humo, kifundo kidogo kama hirizi, anakizamisha kwenye jagi la maziwa baridi, anafunika kwa sahani na kuliacha kwenye friji mpaka alasiri. Lile jagi, uzi mweupe ukining'inia ukingoni, nililiona mara nyingi nikichukua maji. Halikugusa moto hata kidogo.

Ijumaa iliyopita nikafanya hivyo, kwa majani yote yaliyobaki. Saa tisa alasiri nikatoa jagi. Maziwa yalikuwa yamepata rangi ya krimu, yananukia kama shingo yake akitoka kuoga. Nisamehe kwa kukuandikia hivyo. Nikatia aiskrimu vijiko vitatu, asali kidogo, nikawasha blenda.

Mama alikuwa hajatembea bila kushikwa tangu mazishi. Siku hiyo alitembea. Nilimsikia akija kwenye korido, mkono ukisugua ukuta, akaita kwa sauti yake ya zamani, "Umerudi, mwanangu?"

Nilizima. Akafika mlangoni, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Ah," akasema. "Ni wewe, baba." Hakukasirika. Akageuka akarudi chumbani. Nilipompelekea glasi alikuwa ameelekea ukutani. "Weka hapo," akasema. Niliweka. Nilikaa mpaka povu likashuka lote.

Nilirudi nayo jikoni nikainywa mimi. Ilikuwa yenyewe, shemeji. Haikupungua kitu. Ndipo nilipolia kama ambavyo sikulia makaburini. Ingekuwa mbaya ningejua la kufanya, ningejaribu tena.

Tangu Ijumaa uji nao ameuacha. Anakunywa maji tu, na chai akilazimishwa. Kwa hiyo nakusihi usinitumie majani wala maelekezo. Njoo wewe. Najua ulipewa siku tatu tu za msiba, na najua likizo hupatikana kwa kupigiwa magoti. Piga magoti. Mimi nimempenda Mama, lakini akisikia hatua zangu anajua ni zangu. Zako zinafanana na za dada yako. Huenda zikamuumiza vilevile, siwezi kukuahidi. Mimi nimeishiwa mbinu.

Bi Theluji anakusalimu sana. Binamu yako dereva naye anasema ukija atakupokea saa yoyote. Mama sijamwambia kwamba ninakuandikia, kwa sababu angeuliza unakuja lini, nami ningeshindwa kumjibu.

Mungu akutangulie katika kazi yako, na alainishe mioyo ya wakubwa wako.

Wako akupendaye, na ambaye bado ni shemeji yako,

Fundi