Saruji ya Kaburi la Mwalimu Veronika Boke

Mwaka umezunguka, Mama Mniko, tangu Ijumaa ile mchana ulipoanguka kwenye varanda ya chuo cha ualimu pale Bomani, mkoba begani na buti za mpira miguuni. Daktari alisema presha. Wanafunzi wako walikuwa wameshapanda lori, wanakusubiri uwapeleke Susuni.

Najua ungenikatiza hapo hapo. "Mwaka kamili, Baba Mniko? Umepima?"

Neno lako hilo. Mimi nimeendesha magari ya watalii kule Ikoma hadi nikastaafu, na sikurudi nyumbani hata likizo moja bila hadithi. Unaikumbuka ile ya nyati aliyefungua mlango wa gari langu, akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akanitazama kama anayesema twende. Wanetu Mniko na Juliana walicheka mpaka uji ukawatoka puani. Wewe ulikuwa unasonga ugali, hata hukugeuka: "Kiti kile kina upana gani? Na nyati je? Umepima?" Sikuwa nimepima. Ukanipakulia nyama nyingi kuliko wote, na mpaka leo sijui ilikuwa pole au pongezi.

Chuoni walikupa somo la mazingira kwa sababu wakufunzi wengine hawakulitaka. Lilikuwa somo la Ijumaa mchana, saa ya watu kusinzia. Ukaliondoa darasani ukalileta kwetu Susuni. Kila mwalimu mtarajiwa alipanga foleni chemchemini pamoja na akina mama, akachota, akakipanda kilima chetu na ndoo yake hadi uani. Ndipo ukaanza kufundisha. Ulisema anayetaka kufundisha watoto habari za maji, kwanza yamlowanishe shingo.

Nashoni alikugomea mbele ya wenzake. Kijana wa hapa hapa Tarime, kifua mbele.

"Mwalimu, mimi ni mwanaume. Nimetoka jandoni. Nibebe ndoo kichwani, hawa mama wanaona?"

"Kichwani hutaki?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi weka begani. Mimi sina ugomvi na jando lako, mradi yasimwagike."

Akina mama walishangilia kama harusini. Nashoni alibeba. Leo anafundisha shule ya msingi kule Ikoma, na nasikia wavulana wake wanabeba kichwani na hakuna anayekufa.

Mimi nilikuwa naifuata ile foleni kwa sababu ya wasikilizaji. Mama anayesubiri ndoo ijae hana pa kukimbilia, itabidi akusikilize. Lakini kiangazi chako cha mwisho nilimaliza hadithi ya nyati, nikaanza ya chatu aliyemeza tairi la akiba, nikaimaliza nayo, na ndoo ilikuwa nusu. Wote walicheka isipokuwa wewe.

"Hadithi mbili, ndoo nusu," ulisema. "Baba Mniko, hicho kipimo chako nakikubali."

Sote tulijua maji yanakwenda wapi. Juu kidogo ya chemchemi kaka yangu Mwikwabe alikuwa na shamba la mikaratusi, anawauzia wachimba dhahabu magogo ya kuegemeza mashimo yao. Ulimfuata mara nyingi, kwa heshima zote, shikamoo mbele.

"Shemeji, si wewe unayefundisha watu kupanda miti?" alikujibu. "Mimi nimepanda. Unataka nini tena?"

"Shemeji, ile si miti. Ile ni pampu."

Alicheka, na mikaratusi ikabaki. Ukatutoka ikiwa bado imesimama.

Tulikuzika uani, karibu na dirisha la jikoni. Tulipokaribia kuanua matanga Mwikwabe alikuja na mchanga, kokoto, saruji na vigae vyeupe, vitu vya heshima kweli. Hapo nikakumbusha ukoo maneno yako, uliyoyasema ukiwa mzima, ukipanda mboga: "Nikifa msinimwagie zege. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba mvua ipenye ardhini, halafu mimi mwenyewe mnizibe?"

Kikao kikachafuka. Ukoo mzima kwetu una makaburi ya saruji, na kaburi la udongo ng'ombe wanalikanyaga.

"Mura, ndugu yangu, watu watasema tumemtupa," alisema Mwikwabe. Sauti yake ilikuwa inakatika. Alikupenda, yule bwana, tusimnyime hilo.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba kila alfajiri unaonekana chemchemini, umevaa buti zako, unahesabu mikaratusi mmoja mmoja.

"Uongo huo, Machage!" akafoka Mwikwabe.

"Ndiyo, uongo," nikasema. "Lakini ndoo haijai, kaka, na huo si uongo. Ukitaka kumjengea shemeji yako, mjengee kule."

Mwikwabe alivaa kofia akaondoka, na mimi nikadhani nimepoteza kaka juu ya mke. Siku ya tatu tukasikia shoka. Alikuwa peke yake kwenye mikaratusi yake, jasho linamtiririka, anaanza na ile iliyo karibu na maji. Mniko alichukua panga akamfuata. Walikata pamoja mpaka jioni.

Saruji ya kaburi lako ndiyo iliyojenga ukuta wa chemchemi, Mama Mniko. Kokoto zako ziko nyuma ya ukuta huo, zinachuja maji. Vigae tumevipanga pale akina mama wanapotua ndoo, wasikanyage matope. Juu yako tumepanda mkuyu mmoja, na ule mteremko uliokuwa wa mikaratusi sasa ni wa mikuyu, wanafunzi wako walileta miche. Ng'ombe hawakanyagi kaburi, maana Mwikwabe amelizungushia uzio wa miiba na ole wao wachungaji.

Visiki bado vinachipua. Ile miti ina kiburi kama mwenyewe. Kila vikichipua tunavikata, na tutavikata mpaka vichoke, kwa maana sisi hatutachoka. Somo lako la Ijumaa amelichukua Jenipha, yule uliyemfundisha mwenyewe. Kuna waliosema sasa watu wakae darasani wasome kwenye ubao. Jenipha aliwajibu kwamba lori linaondoka saa ile ile, asiye na ndoo abaki. Mimi pia nina ndoo yangu. Naubebea mkuyu wako maji, kichwani, kaka yangu akiona.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Machage. Wanao Mniko na Juliana. Mjukuu wako Boke, ambaye ameshajifunza kuniuliza kama nimepima. Shemeji yako Mwikwabe. Jenipha, Nashoni na walimu wote waliolowa shingo kwa ajili yako. Maadamu kuna anayechota Susuni, jina lako litatajwa.

Jumamosi iliyopita, kiangazi kama kile kile, nilitega ndoo nikaanza hadithi ya nyati. Sijafika kwenye mkanda, maji yakanimwagikia miguuni. Akina mama wakanifukuza, nimpishe mwingine.

Safari hii, Mama Mniko, nimepima.