Aili Kangas: Na Kimya Nacho ni Chako

Miaka miwili imetimia sasa, Aili, tangu moyo wako usimame kwenye ngazi za mahakama ya mji wa Marquette, theluji ya kwanza ikianguka.

Tunakumbuka ulivyowafungulia watu mlango kabla hawajasema shida yao. Tunakumbuka Jumamosi ulivyotoka sauna, chumba chetu cha mvuke, mwekundu kama pilipili, ukisema, "Toivo, nimepata jibu!" Jibu lenyewe hukututajia kamwe.

Kila ulipomaliza kuzungumza na shahidi, ulikaa garini, ukawasha kinasa sauti, ukasimulia aliyoyasema pamoja na uliyoyawaza wewe. Ndivyo ulivyofanya ulipotoka kwa mzee Reino, mwendesha winchi ya kuinulia mizigo katika kiwanda cha karatasi. Ulikuwa wakili wa Verna Lahti, aliyekishtaki kiwanda baada ya mumewe kuangukiwa na mzigo wa winchi hiyo. Reino alifariki, kisha wewe. Kiwanda kikaidai kanda yako, kwa kuwa shahidi hayupo tena wa kuulizwa.

Jaji aliisikiliza peke yake, faraghani ofisini mwake. Akaamuru wapewe maneno ya Reino, na mawazo yako yafutwe. Sheria hairuhusu upande mmoja kupekua kichwa cha wakili wa upande wa pili, hata akiwa kaburini.

Nilimwomba Doreen, mwenzako wa ofisini: "Nisikie kanda nzima, shemeji. Mara moja tu."

"Ukitaka figo nitakupa, shemeji. Hiyo hapana. Ukishasikia, watakubana useme. Unataka Verna ashindwe kwa sababu umemkumbuka mkeo?"

Alisema kweli.

Waliniita mahakamani hata hivyo, niape kwamba sauti ni yako. Wakaweka kanda iliyofutwa mawazo yako. Ukasema, "Reino anasema breki ilikuwa mbovu." Kimya. "Reino anasema mabosi aliwaambia." Kimya tena, kirefu.

"Hii ni sauti ya mkeo, Bwana Kangas?" wakili wa kiwanda aliuliza.

"Ndiyo."

"Na hiki kimya, je?" Alikuwa anatabasamu.

"Usijibu, shemeji!" Doreen akadakia.

Nilikuwa nimeshajibu. "Nacho ni chake."

Kesi ilimalizika Agosti, na Verna amepata haki yake. Kwa ruhusa yake, Doreen alituletea kanda nzima. Tuliisikiliza jikoni, mimi na watoto. Mengine uliyoyawaza tumeyasikia, na hayatatoka jikoni humo. Lakini pale palipokuwa na kimya kirefu mahakamani, unaanza, "Mimi nadhani Reino…" halafu huendelei. Waipa za gari zinafuta theluji. Unapumua. Kinasa kinazimwa.

"Rudisha nyuma, baba," Sylvi akasema. "Alidhani nini?"

Tumerudisha mara nyingi, mke wangu. Unapumua tu.

Unakumbukwa na mumeo Toivo, wanao Sylvi na Eino, dada yako Helmi, na Doreen. Hatutakusahau kamwe, wala hatujaacha kusikiliza.