Mlio wa Mtambo Wako

Eldoret, Jumamosi, 16 Agosti

Babu mpendwa,

Habari za nyumbani? Nitakuambia yote, hata aibu yangu. Jana mimi na Shangazi tulifunga waya mrefu kutoka paani hadi kwenye ua, ili redio yake inase mawimbi marefu. Nilitaka kusikia ule mtambo uliokuwa ukiutunza hapa, unaoongoza ndege kwa kulia herufi za jina lake, kabla haujazimwa, maana sasa ndege zinafuata setilaiti.

Nikasikia tik, tik, tik! Nikaruka kwa furaha. Shangazi akacheka, "Wewe! Hiyo ni fensi ya stima ya ng'ombe wa Mama Chebet!"

Nikamkimbilia jirani huyo, nikamwomba aizime. "Nitazima nikikamua tu," akasema. "Hawa ng'ombe ni wakora."

Alipokamua, kelele ikaisha. Nikasikia mlio mwembamba: mrefu, mfupi, mrefu. Ni K ya Morse, kama ulivyonifundisha ukigonga meza! Kabla sijapata herufi ya pili, fensi ikawashwa. Leo nimempelekea sukari, naye ameahidi kukamua polepole. Sitatoka kwenye redio hiyo.

Jifunike vizuri, Babu. Mjukuu wako Nekesa anakupenda na anangoja jibu upesi: jina la mtambo wako lilianza na K?