Saa Mbili ya Mama Felisita

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo programu ya Violeth imeanza kazi. Huyu mtoto wa kaka ana kichwa! Mfugaji akiona ng'ombe yuko kwenye joto, anatuma meseji na saa aliyomwona. Programu inajumlisha saa kumi na mbili, inaniambia mimi mhimilishaji niende lini kupandikiza mbegu. Mama Felisita wa Somanda kaandika "saa 2". Nikaambiwa saa nane mchana. Jua kali! Ng'ombe hatulii kabisa. Niliona ni mapema mno, lakini nani abishane na kompyuta? Nikapandikiza mbegu. Roho haijatulia.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza Violeth. Kashika kichwa. Mama alimaanisha saa mbili asubuhi, mashine ikadhani ni saa nane usiku, kama Wazungu wanavyohesabu! Eti, baba mdogo, hata mimi mzaliwa wa Bariadi nimesahau saa zetu. Kacheka, kisha kaketi kazini.

Sasa haulizwi mtu. Meseji ikiingia, programu yenyewe inachukua saa ya sasa. Mstari mmoja tu! Mwanzoni ilikuwa nyuma saa tatu — kumbe kompyuta inayoiendesha iko Ulaya, inafuata saa ya Uingereza. Akaiandikia ifuate ya Dar es Salaam, na majibu yaje kwa saa zetu za Kiswahili. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Dakika kwa dakika! Nimebaki mdomo wazi. Najivunia huyu binti, basi.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ishirini na moja — joto limerudi. Mimba haikushika. Kosa ni langu pia, nilijua nikanyamaza. Na mama Felisita ng'ombe ndiye huyo mmoja! Shemeji yake kasema ng'ombe asiposhika mimba safari hii, anapelekwa mnadani.

Meseji imeingia saa tano asubuhi. Programu: nenda saa tano usiku. Safi, haikosei. Mchana nikampigia mama kumpa moyo tu. Nikamuuliza: ulimwona saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri! Simu haikuwa na chaji, kaipeleka dukani, kaipata saa tano. Basi programu inajua saa ya meseji. Ya ng'ombe haijui.

Nikampigia Violeth. Akasema: hilo sikuliwaza, baba mdogo, usiifuate, nenda jioni hii. Hakujitetea hata neno moja. Namvulia kofia!

Saa kumi na moja jioni. Naandika nikiwa zizini. "Mwadila, mayu," nimemsalimu kwa Kisukuma. Ng'ombe katulia, macho kayakodoa. Mama kashika simu mkononi.

"Daktari, meseji inasema saa tano usiku. Si tusubiri?"

Nimemwambia ashike kamba. Ananitazama, anatazama simu. Naweka kalamu, navaa glavu —