Chumba Ulichokipima kwa Kitenge Changu

Faustin, mwanangu,

Ni mi, mama yako. Mkono wangu wa kuandika unaujua ni mzito, basi soma polepole. Niko ndani ya chumba chako cha filamu, kile ulichojenga nyuma ya nyumba. Kimekwisha. Nataka ujue pia kwa nini kimechelewa.

Unakumbuka ulivyokipima? Ulichukua kitenge changu kwenye kamba, bado kibichi, ukakilaza chini tena na tena, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Halafu ukatundika shuka langu jeupe la wageni. Nikapiga kelele: "We Faustin, wageni watalalia nini?" Ukacheka: "Mama, wageni hawatalala, wataangalia filamu." Ukanikalisha, ukawasha ile mashine ya picha uliyonunua Goma. "Mama, shingo inauma?" Inauma. Ukanivuta nyuma na kiti changu. "Na sasa?" Bado. Mwisho ukalikunja shuka, picha ikawa ndogo kuliko ulivyotaka, yote kwa ajili ya shingo ya mama yako. Kiti kiko pale pale.

Ikabaki sauti. Kuta za simenti tupu, kila neno linagonga na kurudi. Ukasema tutafunika mabati kwa mikeka, tutundike blanketi nzito ukutani, ndani watu wasikie vizuri, na milio ya bunduki ya filamu isitoke nje, maana mioyo ya watu hapa haijatulia. Mikeka uliiweka. Blanketi hukuzifikia. Malaria ikapanda kichwani, na... bon, basi. Unajua mwenyewe.

Kilio tulikaa humu. Watu walijaa na makoti yao, tukaimba, sauti haikurudi hata kidogo. Ulikuwa umeniambia, watu wakijaa nguo zao zinameza sauti. Siku ya kuondoa kilio ndugu wakagawana vitu vyako. Mi nikaomba blanketi zako tu, na lile koti la pikipiki. Wakaenda zao. Nikaingia kufagia, mdomo wenyewe ukakuita. Chumba nacho kikaita. Faustin.

Basi kila asubuhi nikawa naingia kukuita. Iko mutu anajibu, hata kama ni ukuta. Dada yako Claudine akiwasha filamu, maneno yanagongana, anatoka amekasirika: "Mama, tutundike blanketi!" Kesho, nasema. Kesho tena. Nilijua nikizitundika hutanijibu.

Jirani yetu Mama Zawadi ndiye aliyenifuata, unamjua haogopi mutu. "Mutoto alijenga ili watu wote wasikie. We unataka kusikia peke yako?" Alikuwa amekuja na nyundo yake.

Tumezitundika jana. Koti lako liko ukutani, nyuma ya kiti changu. Nikawaomba watoke, nikafunga mlango, nikakuita mara moja.

Kimya, mwanangu. Kimya kabisa.

Nikalia kama siku ile ya kwanza, kwa sauti yote. Nilipofungua, Mama Zawadi ameketi hapo hapo nje anachambua maharage. "Umemaliza kusali?" Hakusikia kitu! Nikaanza kucheka na machozi bado yanatoka. Ulikuwa umepanga vizuri, Faustin. Vizuri sana.

Jioni watoto wa majirani wakakaa chini mpaka hakuna pa kukanyaga. Ndani ya filamu iko mwanamke ananong'oneza mutoto wake sikioni, na mi nyuma kabisa nikasikia hata anavyovuta pumzi. Mara Claudine, kule mbele kwenye mashine, akageuka. Hakupandisha sauti:

"Mama, shingo inauma?"

Kila neno lilinifikia.

Lala sasa, mwanangu. Sitakuita tena ukutani, nitakutaja kwenye sala. Mlango nitamfungulia kila anayebisha hodi, na kiti sitakisogeza.

Haiumi, Faustin. Haiumi.

Mama