Mawe Matatu ya Njiapanda

Kaka yangu mpendwa Haddu,

Salamu nyingi zikufikie huko Marseille. U hali gani, na lile goti bado linakusumbua wakati wa baridi? Sisi hatujambo. Mama anachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni kwa madaha kama bibi harusi, na theluji imefika mlangoni.

Kaka, nimeshinda! Tangu Alhamisi mimi ni mwongoza wageni katika hifadhi ya msitu wetu wa mierezi, mwanamke wa kwanza. Piga kelele hukohuko, wakikushangaa shauri yao.

Tulitahiniwa watu sita, na mtahini alikuwa Mzee Moha, yule mwenye ulimi wa upanga. Alisema njia ile imewashinda wenye ndevu, sembuse mimi mkanda unga. Nikamjibu kuwa ndevu hata beberu anazo. Walicheka mpaka nyani wakakimbilia mitini. Akaniuliza kwa nini dume mmoja wa nyani hao alibeba mtoto asiye wake. Nikasema anampelekea dume mwenzake, wapate kupatana.

Kwenye njiapanda ya juu ukungu ukatufunika. Theluji ilikuwa imefuta kila kitu, upande mmoja genge, upande mmoja kijiji. Wenzangu wakabaki kubishana. Mimi nikapiga magoti, nikafukua, nikayapata mawe matatu makubwa ya alama ya njia ya kijijini, nikawafikisha wote salama. Mzee Moha akataka kujua nilijuaje, maana rundo la mawe la pale lilitoweka miaka kumi na mitano iliyopita.

Nilijua kwa sababu nililibomoa mimi. Kulitunza ilikuwa kazi yako, lakini mawe madogo niliyachukua mimi, mtoto wa miaka minane, nikamjengea mwanasesere wangu nyumba. Yale matatu yalinishinda uzito. Baba alipopotea ukunguni na kondoo wakatumbukia gengeni, wewe ukabandikwa jina la Mzembe mpaka ukahama, nami nikanyamaza. Nisamehe, kaka. Nimeona aibu miaka yote hii.

Nilisema yote palepale, kisha nikarudia mbele ya baba. Alilia. Jana alipanda mwenyewe na kijiji kizima, kila mtu na jiwe lake kama desturi. Rundo sasa limenipita kimo. Kileleni pameachwa nafasi ya jiwe moja, na Mzee Moha ameapa kumvunja mkono atakayeijaza asiyekuwa wewe.

Barua hii ndiye mtoto niliyembeba kukuletea. Mama anakusalimu, na baba anakusalimu, Haddu, kwa jina lako.

Mdogo wako,
Itto